Msiba wa Jenerali, Ghorofa ya Tisa

Alikuwa akishuka na shati moja. Kila Jumamosi saa nne asubuhi, wakati sisi wengine tunahangaika na mashuka ya wiki nzima na sare za kazini, Mwalimu alijitokeza mlangoni mwa chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo letu la mtaa wa Parkdale, Toronto, ameshika shati jeupe kwa ncha za vidole. Alilitia mashineni, akatumbukiza sarafu, akavuta kiti cha plastiki na kukaa katikati ya chumba. Nilipohamia pale nilidhani ni mtu aliyechanganyikiwa kidogo na baridi. Ilinichukua Jumamosi tatu kuelewa kwamba lile shati lilikuwa tikiti yake ya kuingilia. Mashine ilichukua dakika thelathini na tano kufua na arobaini nyingine kukausha, na mtu ambaye nguo zake zimo ndani ya mashine hana pa kukimbilia.

Alikuwa anaandika kitabu, na kitabu chake kilikuwa na sharti. Hakuandika sura yoyote kabla ya kuisimulia kwa sauti mbele ya watu. Alifundisha historia zaidi ya miaka ishirini huko kwetu Tanzania, katika sekondari za bweni, na alizoea kulipima jambo kwa nyuso za wanafunzi. Waliposinzia alifuta, walipoinua vichwa aliongeza. Toronto ilimpa chumba chenye joto, maktaba za bure na kalamu nzuri. Nyuso haikumpa. Alikuwa na binti mmoja tu, naye aliishi Markham, nje ya jiji, katika nyumba ya peke yake yenye gereji, mwendo wa saa nzima kwa gari, na hakuwa akija. Mwalimu alitaka kitabu kiishe, na alitaka binti yake aje akae asikilize hata sura moja. Katika miaka yote niliyomjua sikumsikia akitaka jambo la tatu.

Kitabu chenyewe kilimhusu jenerali wa Kiingereza wa karne ya kumi na tisa. Jina lake silitaji kwa sababu Mwalimu mwenyewe hakulitaja. "Jina lipo kwenye majalada ya vitabu vya kwao," alisema. "Humu ndani ana cheo, kinamtosha." Alimkuta maktaba, katika vitabu viwili vinene vilivyowekwa rafu ya chini kabisa. Karatasi ya mihuri iliyobandikwa nyuma ilionyesha kwamba hakuna aliyeviazima tangu kabla sisi hatujapata uhuru. Mwalimu akachuchumaa pale sakafuni akasoma mpaka wakaja kumwambia wanafunga. Nilipomuuliza alichokiona humo alinijibu kwamba alimwonea huruma.

Sikuridhika. Nilikuwa msichana, nina hasira zangu, nimetoka kuwaogesha wazee wa watu katika nyumba ya kulelea wazee ambako wengine hawakutaka mkono wangu mweusi uwaguse. "Mwalimu, kwa nini mzungu?" nikamuuliza mbele ya watu. "Sisi wa kuandikwa tumeisha?"

Alilitazama shati lake likizunguka nyuma ya kioo, kisha akasema, "Mwanangu, wao waliandika habari zetu bila kutuuliza. Na mimi namwandika huyu bila kumuuliza. Acha nionje."

Na kweli hakumpendelea. Tulijua kwamba Jenerali alinunuliwa cheo na baba yake akiwa na miaka kumi na saba, kwa kuwa wakati ule vyeo viliuzwa. Tulijua vita vyake vya Bahari Nyeusi alikopata jeraha la paja, na vya India alikofanya mambo ambayo Mwalimu aliyasimulia amesimama, maana alisema hayafai kusimuliwa mtu amekaa. Tulijua vijiji alivyovichoma Afrika Magharibi, kimoja kimoja, na mavuno yaliyokuwa ghalani. "Hapo Jenerali alikuwa mshenzi," alisema, "na nitaandika mshenzi." Halafu, dakika kumi baadaye, angeweza kusimulia jinsi mtu huyo huyo alivyomshonea farasi wake blanketi kwa mkono wake mwenyewe, na sauti yake ikawa ya mtu anayemsimulia jirani aliyemzoea. Ukimwambia anajipinga, alifurahi. Kwake mtu asiyejipinga hakustahili hata ukurasa.

Sehemu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Kanada. Jenerali, akiwa bado kapteni, alikaa hapa Toronto majira mawili ya baridi akilinda mpaka ambao hakuna aliyeuvuka. Hakupigana na mtu. Alipoteza vidole viwili vya mguu kwa sababu buti za jeshi zilikuwa zimembana na maji ya theluji yakaingia. Kila Jumapili alimwandikia mkewe kwamba ziwa ni kubwa na jeupe, kwamba watu ni wapole ila hawamkaribishi mtu nyumbani, na kwamba jioni huanza saa kumi. Mwalimu alizijua barua hizo kwa moyo. "Ameandika hayo kabla babu yangu hajazaliwa," alituambia, "na mimi nikitaka kuandika nyumbani nitabadilisha nini?"

Siasa za Jenerali zilitoka kwenye vidole vile viwili. Alipostaafu vita aligombea ubunge katika mji wa wafumaji nguo waliomrushia makabichi jukwaani, akashinda kwa kura chache za aibu. Alikaa bungeni miaka sita na kila aliposimama alizungumzia viatu: viatu vya askari wadogo vinavyobanduka soli, tenda za viatu, ngozi mbovu. Wabunge wenzake walikuwa wakitoka kwenda kunywa chai akianza kusema. Wakampeleka kuwa gavana wa kisiwa kimoja kidogo ili wapumzike, huko akagombana na askofu juu ya mahali pa kujenga soko, wakamrudisha. Uchaguzi uliofuata akashindwa. Mwaka mmoja baadaye sheria ya viatu ikapita, imeandikwa jina la mtu mwingine. Hapo Mwalimu alikuwa akitutazama mmoja mmoja aone nani ameumia. Mimi niliumia, ingawa sikutaka aone.

Viatu hivyo vilitufikia na sisi. Mgeni yeyote wa jengo aliyetoka nchi za joto, Mwalimu alimtazama miguuni kabla ya kumtazama usoni. "Nunua namba moja zaidi," alimwambia, "uvae soksi mbili, ya pamba ndani, ya sufu nje. Jenerali anasema." Hivyo ndivyo alivyoniambia na mimi. Mpaka leo nanunua namba moja zaidi.

Kazini alikuwa mlinzi wa mlangoni katika makumbusho madogo ya kijeshi ambayo siku nyingine yalipata wageni wawili. Katika kabati la kioo karibu na kiti chake palikuwa na glavu moja ya ngozi, ya mkono wa kushoto, ambayo Jenerali aliisahau alipoondoka. Nilikwenda kuitazama mara moja. Glavu yenyewe ilikuwa ndogo, imekunjamana, na haina la ajabu. Mwalimu, ndani ya sare yake ya buluu, aliinama kidogo mbele ya kioo akasema, "Shikamoo, Jenerali," kisha akanigeukia kwa aibu. Nikajua kwamba husema hivyo kila asubuhi.

Nyumbani kwake, ghorofa ya tisa, nilifika mara mbili tu kabla ya ile siku nitakayoisimulia, na mara zote ilikuwa kumpelekea barua iliyotiwa kwenye sanduku langu kwa makosa. Kila kitu kilikuwa safi na kila kitu kilikuwa kimoja: kiti kimoja mezani, sahani moja kwenye kichanja, taulo moja. Daftari zake za shule, zile zenye mistari, zilipangwa dirishani, moja kwa kila sura. Ukutani alibandika picha ya Jenerali juu ya farasi, aliyoitoa kwa mashine ya maktaba. Simu yake ilipolia mbele yangu ilikuwa mtu aliyekosea namba, na Mwalimu alimweleza kwa upole kwamba amekosea, akamuuliza anamtafuta nani, akamshauri ajaribu tena, akamtakia heri. Alipoweka simu chini alikuwa amechangamka. Niliteremka ngazi kwa miguu, nikajiapiza kwamba nitamkaribisha chakula. Sikumkaribisha, na sina sababu ya maana ya kutoa.

Sasa, sura ya tisa. Daftari zile zilikuwa ishirini, na ya tisa ilikuwa tupu. Sura ya nane Jenerali anamuaga mkewe bandarini. Sura ya kumi amevaa kitambaa cheusi mkononi. "Mkewe amekwenda wapi?" tuliuliza. "Amefariki," alijibu Mwalimu. "Sura ya tisa hiyo, tutairudia." Hatukuirudia. Tulimtania kwamba panya wameila, kwamba Jenerali ameikataza, naye alicheka na kubadilisha maneno. Tulimzoea hivyo, mtu anayeruka sura moja.

Mama Furaha alikuja baadaye, katikati ya kitabu. Alitoka Bukavu na watoto wanne baada ya safari ambayo hakuisimulia, akapangiwa ghorofa ya nne. Jumamosi yake ya kwanza aliingia na rundo la nguo za kupewa, akamkuta mzee anasema kwa Kiswahili kwamba Jenerali ameamka na paja linamuuma. Akakaa. Mwalimu alikuwa na tabia ya kutotaja miaka. "Miaka ni ya mtihani," alisema, "na humu hakuna mtihani." Alimsimulia Jenerali kama mtu aliyeachana naye jana jioni. Sisi wa zamani tulijua. Mama Furaha hakuna aliyemwambia, na kwa alikotoka yeye jenerali hakuwa mtu wa kwenye vitabu.

"Papa Mwalimu," alimwambia siku moja, anakunja suruali za watoto, "mi nilijua bajenerali bale ba kutufukuza tu. Ule wako anahangaikia viatu ya maskini. C'est bien, iko muzuri. Umusalimie."

"Nitamsalimia," alisema Mwalimu, bila kutabasamu.

Nadhani hakufanya hila. Kila asubuhi alimsalimia kweli.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili, theluji imejaa mpaka kwenye vidirisha vya juu, Mwalimu alishuka amevaa tai nyeusi. Ilikuwa zamu ya sura ya mwisho. Alisimulia jinsi Jenerali alivyokufa katika nyumba ya kupanga karibu na bahari, mtumishi yuko chumba cha pili anapanga sahani, hakuna mtoto aliyefika, na gazeti la mjini likaandika mistari minne, miwili kati yake ikiwa na makosa. Hakuna aliyekwenda kumlilia. Sauti ya Mwalimu ilikatika hapo. Alitoa leso, akajifuta, akaikunja vizuri, akajifuta tena. Mimi nilikuwa nawahi kazi. Nilitoa nguo zangu zikiwa bado na unyevu nikaondoka, nikiwaacha yeye na Mama Furaha. Nilikuja kusikia baadaye kwamba Mama Furaha alimuuliza, "Alikuwa mutu yako sana, Papa?" na Mwalimu akajibu, "Nimekaa naye miaka saba."

Kesho yake Jumapili, saa nane mchana, lifti ilifunguka mbele yangu ikiwa imejaa wanawake wa kanisa la Mama Furaha, na vitenge, na mikeka, na sufuria zilizofungwa kwa taulo, na chupa kubwa za chai. Mama Furaha alikuwa mbele, amebeba mchele.

"Dada, hukusikia? Papa Mwalimu amefiwa."

"Amefiwa na nani?"

"Jenerali wake amekufa."

Nilicheka. Nasema ukweli, nilicheka mbele ya wale akina mama, na mpaka leo kicheko kile kinaniuma. Wao hawakukasirika. Walidhani ni mshtuko. Mmoja alinishika mkono akaniingiza kwenye lifti, tukapanda.

Kwetu sote, Watanzania kwa Wakongo, msiba hauombewi ruhusa. Ukisikia, unakwenda, unaketi, maswali baadaye. Tulipofika mlango ulikuwa wazi. Meza na kile kiti kimoja vilikuwa vimepelekwa koridoni, mikeka imetandikwa ukuta hadi ukuta, viatu vimerundikana nje, buti zote kubwa kuliko miguu ya wenyewe. Jikoni watu watatu walikuwa wakigombania jiko. Wengine walikuwa wakiimba kwa sauti ya chini. Mwalimu alikaa kwenye kona, juu ya mkeka, tai nyeusi shingoni, na kila aliyeingia alikwenda kumpa mkono na kumwambia pole. Aliipokea kila pole kwa mikono miwili. Sikuwahi kuona nyumba yake ina mtu zaidi yangu, na sasa hapakuwa na pa kukanyaga.

Nilipiga magoti karibu yake, nikamnong'oneza kwa ukali. "Mwalimu, waambie."

"Usiseme kitu."

"Watu hawa wanalia kweli!"

"Na mimi unaona nacheza?"

Nilikasirika. Huyu ndiye aliyeweza kusimamisha hadithi nzima kwa sababu mimi nimeita mto kile kilichokuwa kijito tu, na sasa aliwaacha watu wazima wamlilie mzungu aliyeoza zamani. Na watu gani! Watu walioacha ndugu zao kando ya barabara bila kaburi, hawakupata hata siku moja ya kukaa chini wakawalilia. Niliinuka niseme. Ndipo nikamwona mama mmoja karibu na dirisha, ameegemea zile daftari, analia huku anataja majina. Hakuna hata moja lililokuwa la Kiingereza. Nikatazama mkeka wote, nikaelewa kwamba kila mmoja alikuwa na wa kwake, na Jenerali amewapa nafasi. Nikakaa. Nilimlilia bibi yangu wa Morogoro, ambaye habari ya kifo chake ilinifikia siku ya mtihani wa chuo, nikaenda nikafanya mtihani.

Mmoja wa akina mama aliona namba kwenye mlango wa jokofu, chini yake imeandikwa "binti", akapiga. Alisema tu kwamba kuna msiba kwa baba yako, njoo. Binti huyo alifika baada ya saa moja na nusu, amevaa koti zuri la kijivu, funguo za gari mkononi, na uso wa mtu aliyeendesha bila kupumua. Tulimpisha. Alipomwona baba yake amekaa, mzima, alishika mlango.

"Baba! Who died? Nani amekufa?"

Nilimtazama Mwalimu nikasema moyoni, leo ataumbuka.

"Mama yako," akasema Mwalimu.

"Mama..." Binti aliangalia watu wote, kisha akamrudia. "Mama alikufa miaka minne iliyopita, Baba."

"Najua. Kaa."

Hakukaa. "Hukuja," alisema. "Nilimzika peke yangu kule nyumbani. I called you from there. Nikakupigia simu, nalia, na wewe ukaniambia una kazi. Una kazi!"

"Nilikuwa na kazi," alisema Mwalimu. Kisha, bila daftari, bila kusimama, akaanza sura ya tisa.

Alisema Jenerali yuko vitani, na mkewe anafariki nyumbani kwa homa ya siku nne. Barua ya msiba inachukua wiki sita njiani. Katika wiki hizo sita Jenerali anamwandikia mkewe kila Jumapili, anamweleza mvua, anamuuliza kama bomba la jikoni limetengenezwa. Habari inapofika anaisoma mara moja, anaitia mfukoni, anatoka kukagua gwaride. Hakuna askari aliyejua. Miaka mingi baadaye anaambiwa ni mtu asiye na moyo, naye hakanushi.

"Mimi sikuwa na wiki sita za kujidanganya," alisema Mwalimu. "Nilipigiwa simu siku ile ile. Wiki ile ndiyo niliyoitwa mbele ya watu wa uhamiaji, baada ya kungoja miaka mitatu. Ningetoka nchi hii nisingerudi, na wewe ungebaki huku peke yako. Sikujua namna ya kukuambia hayo na wewe unalia. Nikasema nina kazi. Siku ya mazishi nilivaa sare nikasimama mlangoni. Wakaja wageni kumi na mmoja. Wakanitakia siku njema, nikawatakia na wao."

Binti alikuwa amesimama na koti lake. Mama Furaha, ambaye sidhani alielewa nusu ya mambo yale, alimvuta chini kwa mkono wa koti, akamlaza kichwa kwenye mapaja yake kama anavyowafanyia watoto wake, na hapo yule mwanamke wa Markham akatoa sauti ambayo sitaisahau. Mwalimu alitambaa kwa magoti akavuka mkeka mpaka alipokuwa. Hakumshika. Alikaa tu karibu yake, na mikono yake haikujua pa kukaa.

Baada ya siku kadhaa niliona ni haki kumwambia Mama Furaha kwamba Jenerali alikufa karibu miaka mia iliyopita. Alikuwa anapanga soksi. Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa kuelewa.

"Mi nilijua siku ile ile, dada. Niliona foto kwa ukuta. Lakini chakula kilikuwa kimeisha kupikwa. Na nani analia vile juu ya muzungu ya zamani? Nilijua iko mutu ingine."

Napenda kusema kwamba tangu siku hiyo nyumba ya ghorofa ya tisa haikukosa wageni. Haikuwa hivyo. Wanawake walikunja mikeka jioni ile ile, wakarudisha meza na kiti chake kimoja, wakaosha sufuria wakaondoka, kwa sababu kila mmoja alikuwa na zamu asubuhi. Mama Furaha alipata nyumba mji mwingine. Mimi nikamaliza masomo, nikapata kazi ya maana zaidi, nikahama upande wa mashariki wa jiji, katika jengo jipya ambalo kila nyumba ina mashine yake ya kufulia ndani ya kabati. Nilifurahia sana kabati lile mwezi wa kwanza. Baadaye niligundua kwamba naweza kumaliza Ijumaa mpaka Jumatatu sijatamka neno la Kiswahili, na siku nyingine sijatamka neno lolote.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, Jumamosi. Nilikuwa nimekwenda Parkdale kwa shughuli zangu, na miguu ikanipeleka yenyewe kwenye jengo la zamani. Niliteremka mpaka chini. Harufu ya sabuni ilikuwa ile ile. Mwalimu alikuwa peke yake, kwenye kiti cha plastiki, amepungua mwili, kola imemzidi shingo. Mbele yake mashine mbili zilikuwa zinazunguka. Mapajani alikuwa anakunja sweta za watoto wadogo, nyekundu na ya kijani, na pembeni pana kiti cha pili, kitupu.

Nilimwamkia shikamoo. Aliniitikia, akanitazama miguuni kwanza, akaridhika na buti zangu.

"Nguo za nani hizi, Mwalimu?"

"Za binti yangu na wanawe. Huleta mara moja kwa mwezi. Anasema mashine ya kwake imeharibika."

"Imeharibika tangu lini?"

"Mwaka wa pili sasa." Alilainisha mkono wa sweta kwa kidole. "Mimi sijamuuliza."

"Na yeye yuko wapi?"

"Amewapeleka watoto dukani. Atarudi. Hukaa dakika ishirini hivi, husikiliza, hunijibu kwa Kiingereza. Dakika ishirini si haba. Tumeanza kitabu upya, kwa ajili yake." Halafu akatazama mikono yangu, na ile sauti ya darasani ikarudi. "Na wewe umekuja mikono mitupu? Huku hawakai watu wasio na nguo."

Nilitaka kumwambia ninakoishi, na kabati, na siku zangu za kimya. Nilitaka kumwomba radhi kwa chakula ambacho sikumkaribisha. Nikavua skafu yangu, ambayo ilikuwa safi, nimeifua juzi tu, nikaitia katika mashine ya tatu na kutumbukiza sarafu.

"Mashine yangu nayo imeharibika, Mwalimu."

"Pole sana, mwanangu," akasema. Alikiacha kile kiti kitupu kwa ajili ya binti yake, akasimama, akanivutia kingine kutoka ukutani. "Kaa. Hujapitwa na mengi. Jenerali ana miaka kumi na saba, na baba yake ndiyo kwanza ametoka kumnunulia cheo."